Nkulu, 1983

Mwanasheria wa kampuni alikuwa amecheka mbele ya hakimu, na kicheko kile ndicho kilichomtoa Bilkisi Abibu kitandani asubuhi ya Jumatano kabla mvua haijakatika.

"Batuletee huyo Nkulu," alikuwa amesema siku ile, akigeuka ili umati wa nyuma umsikie vizuri. "Ao batuletee karatasi yake. Siye tumetafuta kila mahali. Ile si mutafiti, ni muzimu."

Hakimu hakucheka, lakini alitoa muda hadi Ijumaa.

Bilkisi alikuwa amefanya kazi ya upelelezi polisi pale Kolwezi kwa miaka mingi, akifuatilia malori yaliyoibwa na mizigo iliyopotea njiani. Baba yake, mtu wa Kasongo aliyehamia huku zamani, alisafirisha mizigo kati ya Kolwezi na Dilolo, kwa hiyo mambo ya malori hakuyajifunzia darasani. Alipoacha polisi, maître René, wakili wa mjini, alimwomba amtafutie ushahidi katika kesi zake. Kesi hii ya sasa ilikuwa ya watu wa Kilunga, mtaa mmoja wa Dilala, hapohapo Kolwezi, uliopakana na machimbo mapya ya Nsonga Cuivre. Tangu kampuni ilipoanza kuvuta maji chini ya ardhi ili ichimbe pakavu, nyumba za Kilunga zilikuwa zinapasuka. Mwezi uliopita jiko la mama Wivine lilizama mchana kweupe, sufuria ya ugali wa bukari ikiwa bado mekoni, na yeye na watoto wake sasa walilala kanisani pamoja na majirani wengine. Kampuni ilisema nyumba zilijengwa vibaya. Ilisema pia kwamba hakuna utafiti wowote, popote, uliowahi kuonya kuhusu ardhi ile.

René alikuwa na mstari mmoja tu wa kujibu. Katika makala ya profesa mmoja wa hapa mjini, chini kabisa ya ukurasa, kulikuwa na tanbihi: Nkulu Ngoy, 1983, Kudidimia kwa ardhi ya Kolwezi Magharibi, ukurasa wa 47.

"Franchement, Bilkisi," René alimwambia akimpa ile makala ofisini, "nimeuliza ku ma-archives ya kampuni ya zamani, ile ya serikali. Bamefungua bitu byote bya 1983. Akuna. Sasa Ijumaa mi naenda na nini? Na mafoto ya bibambazi bya kupasuka?"

"Ule profesa iko wapi?"

"Professeur Dimitri? Iko ku chuo, Manika. Lakini ni mutu wa kiburi kidogo."

"Ni muzuri," Bilkisi alisema akikunja makala na kuitia mkobani. "Mutu wa kiburi anapendaka kusema."

Alipanda pikipiki ya taxi-moto, akamwonya dereva asikate kona kwenye tope, na kabla jua halijapanda juu alikuwa ameketi mbele ya meza ya Professeur Dimitri. Profesa alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakaa kama karatasi.

"Karibu, mama. Nakusaidia nini?"

"Professeur, weye njo uliandika hii?"

Alimwonyesha makala. Dimitri alitabasamu.

"Ndiyo, mwaka wa 2011. Batu mingi banaitajaka."

"Hapa chini uliandika Nkulu Ngoy, 1983, page 47. Ile kazi uliionaka wapi?"

"Ni rapport. Rapport ya ndani ya kampuni, ya zamani."

"Bon. Couverture, jalada yake, ilikuwa ya rangi gani?"

Profesa alipepesa macho. "Rangi?"

"Ilikuwa nene? Ilipigwa na machine ya zamani, ao imprimerie? Na maramani ilikuwa mbele ao nyuma?"

Dimitri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bilkisi alimwacha. Katika kazi yake aligundua zamani kwamba mtu aliyeona kitu anakujibu upesi hata akikosea, lakini ambaye hakukiona anaanza kufuta miwani.

"Mama, weye ni police ao ni jury ya chuo?"

"Nilikuwaka police. Leo natafuta tu ile rapport. Batu banalala ku kanisa juu ya ile rapport."

Dimitri alirudisha makala upande wa Bilkisi.

"Mi sikuionaka," alisema. "Nilikamata kwa mwenzangu mumoja wa Lubumbashi. Aliandika article mu 2003, akamutaja Nkulu. Nilitumika na ile ya yake. Inafanyikaka, mama. Batu yote banafanya vile."

"Ule mwenzako nitamuona wapi?"

"Alikufa. Ni kama miaka sita."

"Na Nkulu?"

"Ule tata, ule baba muzee? Nasikia alikufiaka Belgique, zamani sana."

Wafu wawili kwa mkupuo mmoja. Lakini Dimitri, kwa kuwa sasa alikuwa amekwisha kusema lililomwuma, alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Alifungua kabati akatoa ile makala ya 2003, na Bilkisi akaitazama nyuma, mahali pa marejeo. Ilikuwa palepale: Nkulu Ngoy, 1983, ukurasa wa 47.

"Professeur, ni nani tena alimutaja?"

"Aah, ile ni rahisi." Aligeuza kompyuta ili naye aone. "Angalia. Ku mwisho ya kila article kuko bitabu byenye mwandishi alisoma. Ile inakurudisha nyuma. Lakini hapa, unabonyeza jina ya article, inakuonyesha batu benye banaitaja nyuma yake. Ile inakupeleka mbele. Yangu ni hii. Ona batu!"

Alikuwa amejaa fahari, na Bilkisi hakumnyima. Kimoyomoyo alikuwa anacheka kwa furaha. Kazi hii aliijua! Alipokuwa polisi, akikuta lori la wizi Likasi au Dilolo, alikuwa na maswali mawili tu: nani alikuuzia, na wewe umemuuzia nani. Ukirudi nyuma mkono kwa mkono unamfikia mwizi, na ukienda mbele mkono kwa mkono unaufikia mzigo. Hakuwa amefikiri hata siku moja kwamba maprofesa nao wanauziana.

"Niprintie yote," alisema.

Saa za chakula zilimkuta katika mgahawa mmoja karibu na soko la Manika, sahani ya majani ya sombe na samaki mbele yake, makala zimetandazwa hadi kwenye kiti cha pili. Mwenye mgahawa alimwuliza kama anaandaa mtihani. Bilkisi alisema ndiyo, wa Ijumaa.

Alizisoma kutoka nyuma, kama mtu anayekula kuku kuanzia mkiani. Hakujali maprofesa wamesema nini katikati. Alitaka marejeo tu. Moja baada ya nyingine zilimtaja Nkulu, na zote ziliandika 1983, na zote ziliandika ukurasa wa 47. Hakuna hata moja iliyotaja ukurasa mwingine. Rapoti nzima ya ardhi ya Kolwezi, na watu wote wamesoma ukurasa mmoja?

Hapo alisukuma sahani kando. Watu hawa hawakuwa wamesoma rapoti. Walikuwa wamepokezana tanbihi moja, na tanbihi ile ilizaliwa mwaka 2003, katika makala ya mtu ambaye sasa ni marehemu. Kama mtu yule aliitunga ili kuipa kazi yake uzito, basi mwanasheria wa kampuni alikuwa amesema kweli. Nkulu ni mzimu, na mama Wivine atabaki kanisani.

Alikunywa maji, akanawa mikono, akarudi kwenye karatasi. Ilibaki moja ya mwaka 2020, ya mtafiti mgeni aliyeandika juu ya visima. Huyu alimtaja Dimitri. Lakini chini ya jina la Dimitri, katika marejeo yaleyale, alitaja pia kazi nyingine ya mada ileile: mémoire, tasnifu ya kumalizia chuo, ya mwanafunzi mmoja wa jiografia aitwaye Elise, ya mwaka 2009, iliyotolewa hapahapa Kolwezi.

Mémoire za wanafunzi hazisomwi na watu. Bilkisi alimpigia simu Dimitri, ambaye sasa alijiona mpelelezi mwenzake, na kabla chai haijapoa profesa alikuwa amemtumia picha za kurasa zake za mwisho kutoka maktaba ya chuo.

Bilkisi alikuza picha kwa vidole. Akaisoma. Akaisoma tena, safari hii akisogeza midomo.

Nkulu Ngoy, 1988, ukurasa wa 52.

Alirudi juu, akakagua marejeo yote ya Elise, jina kwa jina. Dimitri hakuwemo. Marehemu wa 2003 hakuwemo. Msichana huyu hakupokea tanbihi ya mtu yeyote. Mwaka wake ulikuwa tofauti na ukurasa wake ulikuwa tofauti. Watu kumi wakikwambia lori lilikuwa jekundu kwa maneno yaleyale, umesikia mtu mmoja; yule wa kumi na moja akisema lilikuwa la kijani na taa moja imevunjika, mfuate huyo, maana yeye ameliona.

"Nikubebee chai ingine?" mwenye mgahawa aliuliza.

"Hapana, mama. Mutihani imepita," alisema Bilkisi, akikusanya karatasi zake.

Dimitri alimwelekeza alipo Elise, ambaye hakuwa msichana tena. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika lycée, sekondari moja ya Manika, mwenye sauti ya kufika darasa la pili. Alimpokea Bilkisi uani wakati wa mapumziko, wanafunzi wakipiga kelele pande zote.

"Mémoire yangu?" alishangaa. "Nani alisomaka mémoire yangu?"

"Mi nilisoma kurasa za mwisho tu," Bilkisi alikiri. "Mwalimu, natafuta rapport ya ule tata Nkulu Ngoy."

Elise alimtazama, halafu akaangua kicheko hadi wanafunzi wa karibu wakageuka.

"Tata? Nani alikuambia Nkulu ni mwanaume?"

"Batu yote."

"Batu yote hawakumuonaka! Ile wakati ya Zaïre majina ya ubatizo ilikatazwa. Juu ya rapport aliandika Nkulu Ngoy tu. Jina yake ni Noëlla. Alikuwa mama wa kwanza kufanya géologie mu ile bureau yao. Nilisomaka rapport ku nyumba yake, ku meza ya salon, siku mingi. Alikuwa ananipatia chakula."

"Alikufia wapi?"

"Kufa? Mama, Jumapili nilimusalimia ku misa. Anaikala Dilala."

René alikuwa ametuma barua hadi Brussels kumtafuta.

Nyumba ilikuwa moja ya zile za matofali zilizojengwa na kampuni kwa wafanyakazi wake enzi hizo, yenye baraza nyembamba na maua ya waridi yaliyokatwa kwa mkono wa mtu asiyependa ovyo. Mama Noëlla alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwembamba, nywele zote nyeupe, kitenge kimefungwa imara. Alipomwona Elise nyuma ya mgeni, uso ulifunguka.

"Karibuni, batoto. Nani iko mugonjwa?"

"Akuna mugonjwa, mama," Elise alisema. "Huyu ni mama Bilkisi. Anatafuta rapport yako."

Mama Noëlla aliwaingiza ndani. Aliwakalisha, akaleta chai na karanga, akaketi mkabala nao, mikono juu ya magoti.

"Unaitafuta juu ya nini?"

Bilkisi alimweleza yote: maji, nyumba za Kilunga, jiko la mama Wivine, kicheko cha mahakamani. Alipofika kwenye jiko, mama Noëlla alifumba macho.

"Upande gani ya Kilunga?"

"Karibu na ile bonde. Avenue ya mwisho."

"Avenue ya mwisho," alirudia. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na rapoti yenye jalada la kijivu lililochakaa kwenye pembe. Aliifungua bila kutafuta. "Soma hapa. Ukurasa wa 52."

Ilikuwa kwa Kifaransa, imepigwa kwa taipureta. Chini ya ardhi ya upande huu, iliandikwa, mwamba umejaa matundu, na maji yaliyomo ndiyo yanayobeba dari. Yeyote atakayeyashusha maji hayo ajue kwamba ardhi ya juu itashuka pia, na nyumba pamoja nayo.

Bilkisi aliweka kidole kwenye sentensi ile, akakiacha pale kwa muda. Kisha akafunga jalada kutazama mbele, na hapo akaona kisa chote. Jalada lilikuwa limesuguliwa na mikono. Ile nane ya mwisho ya 1988 ilikuwa imefutika upande wa kushoto. Ukiitazama haraka ilikuwa tatu. Ndani, chini ya sahihi, tarehe ilisomeka bila shaka: Juni 1988. Na ukurasa wa 47 nao ulikuwa wa matundu hayohayo.

"Mama, kulikuwaka mutu wa Lubumbashi alikuja kusoma, mbele ya 2003?"

"Ndiyo. Tata moja mupole. Alikuwa na haraka ya train."

Basi marehemu hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka ya treni, na haraka yake ikabebwa na maprofesa wote kama mzigo usiokaguliwa mpakani.

"Nisikilize, mama," Bilkisi alisema. "Wasomi mingi banakutaja. Mu Lubumbashi, hapa, hata inje ya inchi."

Mama Noëlla alinyoosha shingo. "Miye?"

"Weye. Lakini benye balisoma ni babili tu. Ule wa train, na Elise."

Bibi yule alicheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge. "Bon. Babili ni muzuri kuliko sifuri." Halafu akatikisa kichwa. "Lakini si babili. Kuko na bale ba-ingénieurs."

Bilkisi aliweka kikombe chini polepole. "Ba-ingénieurs gani?"

"Balikuja na gari mukubwa, inaweza kuwa 2017. Balikuwa banataka kufungua carrière, machimbo mupya, upande ya Kilunga. Niliwaonyesha yote. Ile ramani ya tatu, yenye kuonyesha matundu, baliomba kuipeleka ku bureau bafanye kopi. Hawakuirudishaka, na ilikuwa moja tu."

"Balikuachia karatasi? Majina?"

"Hapana. Banaongea muzuri tu. Balisema bataandika jina yangu mu kazi yao."

Elise alimtazama Bilkisi. Bilkisi alikuwa tayari ameshika simu. Utafiti wa mazingira wa Nsonga Cuivre, ambao kila kampuni lazima iutangaze kabla ya kuchimba, René alikuwa nao tangu mwanzo. Walikuwa wameusoma wote, sura kwa sura, na hakuna mahali uliposema neno lolote juu ya matundu. Walitafuta jina la Nkulu kwenye kompyuta, wakakosa, kwa sababu kurasa zile zilikuwa picha tupu ambazo mashine haiwezi kuzisoma. Na kurasa za mwisho hakuna aliyezifungua. Nani anasoma marejeo ya kampuni?

Alizifungua sasa kwenye simu, kutoka nakala aliyotumiwa na René. Alishuka na kidole chake: K, L, M. N.

Alisimama, akaenda barazani, akampigia René.

"Fungua étude ya Nsonga," alisema. "Ku mwisho kabisa, ku bibliographie. Herufi N."

Alisikia karatasi zikipekuliwa, kiti kikisogezwa. Kisha René alisema neno ambalo mtu wa kanisa hasemi.

"1988," René alisema. "Banaandika 1988. Bilkisi, balikuwa nayo!"

"Balikuwa nayo."

"Ngoja, ngoja. Bataniambia baliikamata ku kazi ya mutu mwingine, kama ule profesa wako."

"Ku kazi ya nani? Batu yote bameandika 1983. Mwenye hajaiona hawezi kusahihisha mwaka."

"Na ule mwalimu? Yee aliandika 1988. Batasema balikamata kwake."

Swali lilikuwa zuri, na Bilkisi alifurahi kuulizwa. "Elise alitaja ukurasa wa 52 tu. Soma tena mustari wao. Mwisho unasema nini?"

René alisoma kwa sauti, taratibu. "Nkulu Ngoy, 1988, carte III." Akageuza ukurasa. "Carte III ni nini?"

"Ni ramani ya matundu. Elise hakuitajaka hata siku moja, akuna mutu aliitaja. Ilikuwa moja tu, ku nyumba ya mwenyewe, na bale ba-ingénieurs njo balienda nayo. Rapport niko nayo hapa, maître. Na muzimu wenyewe nitakuletea Ijumaa. Anatembea muzuri, anahitaji tu gari yenye haitarusharusha."

René alikuwa anacheka, anaita mtu ofisini, anacheka tena. Bilkisi alikata simu akabaki barazani kidogo. Mvua ilikuwa imeondoka kabisa. Barabarani taxi-moto zilipita zikiwa na abiria, magunia na godoro moja lililosimamishwa wima kama tanga. Ijumaa ingekuwa na maneno mengi bado, na pampu zilikuwa zinavuma upande ule wa bonde hata sasa. Lakini mama Wivine angeingia mahakamani na kitu mkononi.

Aliporudi ndani, mama Noëlla alikuwa amekaa wima, mikono imeshikana, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Bale ba-ingénieurs," aliuliza, "jina yangu baliandika?"

"Baliandika, mama."

"Baliandika muzuri?"

Bilkisi aliketi kando yake, akaikuza ile picha hadi mstari ukajaa kioo chote cha simu, akaisogeza karibu na macho ya bibi.

"Muzuri kupita maprofesa yote," alisema. "Akuna hata kosa moja."

Mama Noëlla alisoma, kidole kikifuata herufi. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo.